Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967. Je, swali lirudishwe?

Kihamba (Moshi)

Wakuu, habari za jioni.

Kuna orodha inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, nadhani wengi imeshawafikia: "Makabila Makubwa Tanzania kwa Asilimia". Wasukuma wamepewa yao, Wachagga yao, Wahaya yao, hadi desimali zimo. Juzi imeletwa kijiweni kwetu hapa Majengo, watu wazima wakaanza kutambiana, wengine wakanuna. Mmoja akaapa kwamba imetoka kwenye Sensa ya 2022. Nikaona hili nililete jukwaani tulijadili kwa utulivu.

Sensa ya 2022 haikuuliza kabila. Ya 2012 haikuuliza, wala ya 2002, 1988 au 1978. Mara ya mwisho Serikali kumuuliza mtu kabila lake kwenye sensa ilikuwa Agosti 1967, nchi ikiwa na watu milioni 12.3. Leo tuko milioni 61.7. Kwa hiyo anayekupa asilimia ya kabila lolote leo, ama amechukua hesabu ya 1967 au ile ya mkoloni ya 1957 akaikuza kwa kubahatisha, ama ameitunga tu.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tusizungushane: waliolifuta swali lile walifanya jambo la maana, na sitaki lirudi. Sababu inayotajwa kila siku ni umoja wa kitaifa, na ni ya kweli. Ila ipo nyingine ambayo haisemwi sana. Dodoso lenye kisanduku cha kabila huwa halihesabu makabila tu, linayaumba pia.

Tuanzie mlimani kwetu. Leo tunasema "Mchagga" kana kwamba ni jambo lililokuwepo tangu Kibo ianze kuwa na theluji. Kabla ya Wajerumani, mtu wa hapa alikuwa wa Machame, wa Kibosho, wa Marangu, wa Mamba, wa Rombo, na kila mahali pana mangi (chifu) wake. Mangi Sina wa Kibosho na Mangi Rindi wa Moshi walikuwa mahasimu wakubwa, na vijana wao walikufa kwenye vita hivyo. Ukimkuta kijana wa Sina ukamwambia yeye na watu wa Rindi ni kabila moja, sijui angekujibuje. Hata lugha: Mmachame na Mrombo kila mmoja akishika ya kwao kwa kasi, wanaishia kuhamia Kiswahili.

Uchagga mmoja umejengwa. Umejengwa na utawala wa kikoloni uliotaka kuandika watu kwenye safu moja, na wazee wetu wenyewe nao wakaushika ukawafaa. Kahawa iliwaleta pamoja kupitia chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakampata Mangi Mkuu mmoja, Thomas Marealle. Sisemi Uchagga ni uongo, mimi mwenyewe najiona Mchagga na naona fahari. Ninachosema ni kwamba sensa za mkoloni zilipoandika "Wachagga" katika mstari mmoja, zilikuwa zinashiriki kuujenga huo umoja, na msomaji wa leo anadhani zilikuwa zinaupiga picha tu.

Na waliomezwa humo je? Rombo kuna Wangassa, watu ambao lugha yao ya asili ni jamaa ya Kimaasai kabisa, wala si ya Kibantu. Leo wengi wao ni Warombo kwa kila hali. Karani angewaandika nini?

Karibuni tujadili.

---

Sauti ya Unga Ltd (Arusha)

Mimi sikubaliani. Tunaogopa nini kuhesabiana? Nchi iliyo imara haiogopi takwimu. Tukijua nani wako wangapi tutajua na nani ameachwa nyuma kielimu na kiafya. Kuficha si kutibu. Turudishe swali, na la dini pia, watu wajulikane.

---

Ngaramtoni Juu (Arusha)

Kihamba nakazia, na nakuletea ya upande huu wa Mlima Meru maana huku ni kugumu zaidi.

Mimi ni Mwarusha. Lugha yetu ni Maa, ile ya Wamaasai. Marika yetu ni yale yale ya Wamaasai: mzee wangu ni wa Makaa, mimi ni Korianga, na nikienda Monduli au Longido najulikana mara moja mahali pangu pa kukaa na nani anaweza kunituma. Lakini sisi ni wakulima, tuna migomba, mahindi na maharage mlimani kwa vizazi na vizazi. Sasa kisanduku kikija, niandikwe Mmaasai au Mwarusha? Wapo ndugu zangu wa damu ambao watajibu hivi, na wengine vile, na wote watakuwa wamesema kweli.

Jirani zetu Wameru, ambao mtu wa mbali anadhani ni kitu kimoja nasi kwa kuwa tunaishi mlima mmoja, lugha yao iko karibu na Kimachame. Hao ndio waliohamishwa kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet akapeleka shauri la ardhi yao hadi Umoja wa Mataifa. Kesi ile iliwafunga pamoja kama Wameru kuliko orodha yoyote ya serikali. Lakini bibi yangu mzaa baba ni Mmeru wa Poli. Baba akaoa Mpare wa Same. Wanangu mama yao ni Mnyaturu. Mtoto wangu mdogo akiulizwa shuleni kwao ni wapi, anajibu Ngaramtoni. Hilo ndilo jibu analolijua na silioni kosa lake.

Watakwambia "fuata baba". Sawa, basi sensa itakuwa imehesabu akina baba, na nusu ya ukoo wa kila mtu imetupwa.

---

Kihamba (Moshi)

Ngaramtoni, ubarikiwe. Hiyo ya "fuata baba" ina uzito sana.

Sauti ya Unga Ltd, nakuheshimu, ngoja nikujibu kwa mfano wa watu waliofanya unachopendekeza. Kuna mdau hapa wa Namanga, yeye na ng'ambo ni pua na mdomo. Akiingia naomba aeleze ya Kenya.

---

Boda ya Namanga

Nimeitwa nimekuja.

Kenya wanauliza kabila kila baada ya miaka kumi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu milioni 47.6: Wakikuyu milioni 8.1, Waluhya 6.8, Wakalenjin 6.4, Waluo 5.1, Wakamba 4.7. Takwimu zikitoka tu, kazi ya kwanza inayofanywa nazo mitaani ni kupiga hesabu za uchaguzi, kabila lipi likiungana na lipi linafika Ikulu. Hospitali na shule zinakuja baadaye sana.

Halafu angalieni hili, linaunga mkono hoja ya Kihamba moja kwa moja. Mwaka 1969 Wanandi, Wakipsigis, Watugen na wenzao walihesabiwa kila mmoja peke yake, na hakuna aliyekuwa miongoni mwa makubwa ya nchi. Mwaka 1979 wakaunganishwa chini ya jina Kalenjin, wakaingia kwenye safu ya makabila makubwa kabisa. Hawakuzaana kwa kasi ya ajabu. Aliyebadilisha ni aliyechapa fomu. Na kumbukeni Rais Moi, mwenyewe Mtugen, alikuwa ameingia madarakani mwaka mmoja kabla.

Mwaka 1999 waliuliza lakini matokeo ya kabila hayakutangazwa. Ya 2009 yalitangazwa mwaka 2010, na siku hiyo hiyo waziri wa mipango akafuta matokeo ya wilaya nane za kaskazini kwa maelezo kwamba ongezeko halilingani na vizazi na vifo. Zikawa kesi mahakamani. Watu wa maeneo yale waliumia sana, maana waliona wamehesabiwa kisha wakafutwa. Kabila likishakuwa ndani ya hesabu, kila namba inashukiwa, hata ile iliyo sahihi.

Jambo moja zuri: sensa ile ya 2009, zaidi ya watu laki sita walipoulizwa kabila walijibu "Mkenya", na wakaandikwa hivyo.

Lakini nisiwe mchoyo wa ukweli, kuna upande wa pili. Wamakonde waliokwenda Pwani ya Kenya kufanya kazi za mkonge na miwa waliishi vizazi na vizazi bila vitambulisho. Oktoba 2016 wakatembea kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai haki yao, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Kule ambako kila kitu kinapita kwenye kabila, asiye na kabila kwenye orodha hana nchi. Wao kuingia kwenye orodha kuliwaokoa.

Na kwa Wamaasai hapa mpakani ni hivi: upande wa Kenya wamehesabiwa 1,189,522. Upande huu wa lango hakuna namba. Ni ndugu wale wale, wengine wana maboma pande zote mbili.

---

Mjukuu wa Mangi

Uzi wa maana sana huu. Nimeweka kambi.

---

Mtaa wa AICC (Arusha)

Sisi wa Arusha hatuna haja ya kwenda mbali. Jengo la mikutano la AICC tunalipita kila siku. Ndani yake ndiko ilikokaa Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama mwishoni mwa 1994 na kufungwa Desemba 2015. Septemba 1998 ndipo ilipotolewa hukumu ya Jean-Paul Akayesu, mara ya kwanza kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari.

Ukisoma yaliyosemwa na mashahidi, kitu kimoja kinajirudia hadi mwili unasisimka: kitambulisho. Miaka ya 1930 Wabelgiji waliwaandikisha Wanyarwanda wote na kumpa kila mtu mzima kadi iliyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Kabla ya hapo mambo yalikuwa na mwanya, mtu au ukoo uliweza kuvuka. Kadi ikaziba mwanya. Baada ya uhuru Wanyarwanda wakairithi wala hawakuifuta, na takwimu zikatumika kugawa nafasi za shule na kazi kwa asilimia. Sensa ya 1991 ilisema Watutsi ni asilimia 8.4. Miaka mitatu baadaye, kwenye vizuizi vya barabarani, kadi zile zile zilikuwa zinaombwa kabla ya panga kuinuliwa. Rwanda ya sasa imeondoa kabila kwenye vitambulisho.

Sisemi sensa iliua watu. Watu waliuawa na watu, na Akayesu alikuwa meya mwenye jina na sura. Lakini wauaji hawakuhitaji kukisia, kazi ya kuainisha ilikuwa imeshafanywa na makarani miaka sitini kabla.

Halafu tena ni hapa hapa Arusha, 28 Agosti 2000, Warundi waliposaini makubaliano yao, msuluhishi akiwa Mandela baada ya Mwalimu Nyerere kufariki. Katiba yao ya 2005 ikaweka Bunge asilimia 60 Wahutu na 40 Watutsi, pamoja na viti vya Watwa. Wao waliamua kulitaja kabila waziwazi ili kila mmoja apate uhakika wa nafasi yake, na risasi zikapungua. Kwa hiyo sitamhukumu jirani anayelitaja. Kila nyumba na ugonjwa wake. Ila sisi hatuna ugonjwa ule, kwa nini tunywe dawa yake?

---

Sauti ya Unga Ltd (Arusha)

Nimewasoma wote. Hoja ya Rwanda ni nzito, sitaishindania. Lakini bado hamjanijibu: tutajuaje nani ameachwa nyuma?

---

Mwalimu wa Bonde la Eyasi (Karatu)

Habari zenu ndugu. Nafundisha upande wa Ziwa Eyasi na nataka kumuunga mkono Sauti ya Unga Ltd, maana hapa jukwaani wengi mnatoka kwenye makabila ambayo yakihesabiwa au yasipohesabiwa hayapotei.

Wahadzabe wako jirani yetu. Watafiti wanakadiria ni watu elfu moja na mia kadhaa tu. Lugha yao haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote duniani. Watoto wao wakiingia shule za bweni wengi hawamalizi, na wanaobaki porini wanaona mashamba ya vitunguu na mifugo ya wengine ikisogea kila mwaka kwenye maeneo yao ya kuwinda na kuchimba mizizi. Nikitaka kumwonyesha ofisa kwamba watoto hawa hawafiki darasa la saba, nachukua takwimu za kata. Kwenye kata wamechanganyika na Wairaqw, Wadatoga, Wanyisanzu na wafanyabiashara kutoka kila pembe. Wastani wa kata unapendeza. Mtoto wa Kihadzabe hayumo kwenye wastani huo.

Ninyi mnaogopa kisanduku kitawagawa. Wao kukosa kisanduku kunawafuta. Naomba mnijibu hapo, na msinijibu kwa "sote ni Watanzania", maana hilo nalijua na nalifundisha.

---

Kihamba (Moshi)

Mwalimu, umenishika mahali penyewe, na kwa heshima ya hoja yako nimechelewa kujibu ili nifikiri kwanza.

Nakubali kwamba wastani wa kata unawameza. Lakini fikiria Wahadzabe wa bonde la Yaeda, ng'ambo yenu Mbulu. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao kama jamii, zaidi ya hekta elfu ishirini, wakitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kilichowapa hati ni mipaka iliyochorwa, wazee waliosimama, na watu waliowasaidia kufuata sheria. Hakuna aliyehitaji kujua wao ni asilimia ngapi ya nchi. Na kwa kweli, kwenye orodha ya kitaifa ya asilimia, Wahadzabe wangekuwa 0.00 na kitu. Namba hiyo ingewasaidia au ingempa mtu sababu ya kusema "hawa ni wachache, wahamishwe"?

Ninachoogopa ni kwamba swali likirudi kwa ajili yao, watakaolitumia ni wakubwa. Litaingia kwa jina la Mhadzabe na kukaa kwenye kampeni za Msukuma na Mchagga.

---

Karani wa 2022 (Hai)

Mimi nilikuwa karani wa sensa, niongeze kidogo ya nyumba kwa nyumba.

Watu wanadhani sensa inahesabu "wa mahali". Hapana. Inahesabu aliyelala hapo usiku wa kuamkia 23 Agosti. Mgeni aliyelala kwako unamhesabu wewe, mwanao aliyelala Mbezi anahesabiwa Mbezi. Aliyelala standi, hotelini au hospitalini anahesabiwa huko. Mwenye wake wawili anahesabiwa kwa yule aliyelala kwake, na kila mke mwenye chungu chake ni kaya yake.

Kwenye kishikwambi tulikuwa na umri, jinsi, ulemavu, uraia, mahali pa kuzaliwa, elimu, kazi, vizazi na vifo, nyumba, choo, mifugo. Wazee wengi walikuwa wananiuliza wenyewe: "Mbona hujaandika ukoo?" Wengine walikuwa wanaanza kunitajia kabla sijauliza lolote, babu fulani mzaa fulani. Nawaambia mzee hapa hapana nafasi hiyo, wanasikitika kidogo. Upande wa wafugaji shida ilikuwa tofauti, kutaja idadi ya watoto na ng'ombe kwa mgeni ni jambo zito, inabidi uende na mwenyekiti wa kitongoji na mtu wanayemwamini. Mimi naamini kama tungekuwa na swali la kabila, nyumba kadhaa zingenifungia mlango. Mnakumbuka 2012 baadhi ya Waislamu walivyosusia kwa sababu swali la dini halikuwekwa? Lingewekwa, huenda wengine wangesusia kwa kuwekwa. Ukigusa maswali hayo, unahatarisha hesabu nzima, na hesabu ndiyo inayoleta zahanati.

---

Kihamba (Moshi)

Karani umenifungulia jambo nililotaka kulileta tangu mwanzo: sensa isiyouliza kabila inasema mengi mno kwa anayejua kuisoma.

Chukua mikoa yetu miwili. Mwaka 2012 Arusha ilikuwa na watu 1,694,310 na Kilimanjaro 1,640,087. Karibu sawa. Mwaka 2022 Arusha ikawa 2,356,255 na Kilimanjaro 1,861,934. Arusha imeongezeka kwa asilimia 39, nchi nzima asilimia 37, sisi Kilimanjaro asilimia 13 na ushee. Tumeachwa kwa karibu nusu milioni ndani ya miaka kumi!

Wamekwenda wapi watu? Wako Dar, Arusha, Mwanza, Dodoma, wana maduka na magereji na maofisi huko. Sensa ni Agosti. Njoo Moshi tarehe 24 Desemba uone magari yanavyopandisha Kibosho, Marangu na Rombo, na nyumba zilizofungwa mwaka mzima zikiwashwa taa. Ingefanyika wiki ile, mkoa huu ungekuwa mwingine kabisa. Agosti wanabaki wazee, na Kilimanjaro ni miongoni mwa mikoa yenye sehemu kubwa ya wazee nchini. Hilo ni jambo la kutukosesha usingizi: nani anamhudumia bibi wa miaka themanini pale Uru, nani atalima kihamba (shamba la ukoo), kwa nini shule za msingi za mlimani zina madarasa matupu. Haya yote yamo kwenye takwimu za umri na uhamaji, wala hayakuhitaji neno Mchagga.

Ila tusipitilize. Ukichukua "aliyezaliwa Kilimanjaro" ukasema huyo ni Mchagga, umekosea. Hospitali za Mawenzi na KCMC wanazaliwa watoto wa kila kabila. Na mtoto wa Mmarangu aliyezaliwa Mwananyamala kwenye sensa ni mzaliwa wa Dar es Salaam. Mwanga na Same ni Upare na wako ndani ya mkoa huu huu.

---

Mwalimu wa Bonde la Eyasi (Karatu)

Kihamba, hoja ya wakubwa kulitumia swali nimeielewa na inaniogopesha hata mimi. Basi nisikilizeni na hili. Badala ya kabila, ulizeni lugha. "Mnazungumza lugha gani nyumbani?" Lugha haifuati baba peke yake, haidai asili ya mtu, na inabadilika bila mtu kuwa msaliti. Mtoto anayeingia darasa la kwanza akijua Kihadza tu ana mahitaji yake, na mimi mwalimu naweza kumwombea kitabu na msaidizi nikiwa na namba mkononi.

---

Ngaramtoni Juu (Arusha)

Hilo naliafiki. Kwangu wangeandika Kiswahili, na Kimaa mama yangu akija kututembelea.

---

Kihamba (Moshi)

Mwalimu, hapo tunakutana. Moshi mjini nyumba nyingi zingejibu Kiswahili, na hiyo yenyewe ni habari kubwa ambayo wazee wetu wanapaswa kuisikia kwa namba: Kivunjo na Kimachame vinaondoka. Wangassa wangeonekana pia kwa mara ya kwanza, kama bado yupo anayeisema lugha yao.

Masharti yangu ni mawili: mtu aruhusiwe kutaja zaidi ya lugha moja, na matokeo yatolewe kwa kata na wilaya ambako shule ziko, yasigeuzwe jedwali la kitaifa la nani mkubwa.

---

Karani wa 2022 (Hai)

Kwenye kishikwambi inawezekana, maswali ya kuchagua majibu zaidi ya moja yalikuwepo. Tukifuata kawaida ya miaka kumi, sensa ijayo ni 2032, na madodoso hujaribiwa mapema kwenye maeneo machache kabla ya kupitishwa. Kwa hiyo Mwalimu, andika pendekezo lako sasa ulipeleke Ofisi ya Takwimu ya mkoa, usisubiri 2031. Mimi nitakusaidia kuandaa swali lenyewe lilivyo kwenye fomu. Nitumie ujumbe pembeni.